Mtaalamu wa Kichakani

Jamani, mlikuwepo?

Hatukuwepo!

Mliona?

Hatukuona!

Na bado mtaniamini?

Tutakuamini!

Shauri yenu. Haya, sikilizeni.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito yote ikakauka, likabaki dimbwi moja tu. Kiboko, mnyama mkubwa pekee aliyebaki huko, akalitazama, akasema moyoni, "Hili halitutoshi sote. Linanitosha mimi."

Sasa, mtangaza habari wa huko alikuwa Kunguru. Kila asubuhi alikwenda kwenye kichaka ambamo wanyama hujificha na kusema lolote, bila kuonekana wala kutaja jina. Kunguru akisikia neno, haulizi nani kasema. Anaruka juu, kraa kraa kraa, "Wataalamu wanasema!"

Kiboko akajipenyeza kichakani, akanguruma, "Maji ya dimbwi yanapasua matumbo ya wanyama wadogo!"

Kraa kraa kraa! "Wataalamu wanasema, maji ya dimbwi yanapasua matumbo ya wadogo!"

Wadogo wakatimua mbio. Kiboko akajitupa majini, chubwi! Akajilaza peke yake.

Bi Kindi alikuwa na mwana mwenye homa, midomo imebabuka kwa kiu. Akamwendea Kunguru.

"Bwana Kunguru, huyo mtaalamu ulimwona?"

"Nilimsikia."

"Ana utaalamu gani?"

"Ana sauti nzito, Bi Kindi. Mjinga ataipata wapi sauti kama ile?"

Kindi akaenda zake kichakani, akatia kichwa ndani ya gogo lililooza katikati, sauti ikatoka nzito: "Maji ya dimbwi yanang'oa meno ya wanyama wakubwa!"

Kraa kraa kraa! "Wataalamu wanasema, maji ya dimbwi yanang'oa meno ya wakubwa!"

Kiboko akashtuka. Nanyi mnajua uongo wa kwanza kautunga mwenyewe! Lakini huu ulikuwa umetangazwa. Akagusa jino kwa ulimi. "Mbona kama linacheza?" Akagusa la pili. "Ala! Na hili!" Akatoka mbio, pu pu pu, hata nyuma hakutazama.

Bi Kindi akachota maji kwa jani, akamkimbilia mwanawe. "Kunywa, baba."

Mtoto akageuza uso. "Tumbo litapasuka, mama. Wataalamu wamesema."

"Ni uongo, mwanangu. Hata ule wa meno nimeusema mimi."

"Wewe si mtaalamu. Wewe ni mama."

Wee! Neno hilo lilimchoma. Akarudi kwa Kunguru, akamsihi atangaze kwamba si kweli.

"Nani anasema si kweli?" akauliza Kunguru.

"Mimi."

"Aa, wewe nakujua. Nikikutaja wewe, nani atanisikiliza?"

Kindi akarudi nyumbani. Akakaa mbele ya mwanawe, akanywa yeye, gudu gudu gudu. Mtoto akalikodolea macho tumbo la mama. Jua likapanda, tumbo zima. Jua likashuka, tumbo zima. Ndipo mtoto akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Nipe na mimi." Kindi akampa huku machozi yakimtoka.

Ngano imefika kwake, nami nimefika kwangu. Mnataka funzo? Hili hapa: ukitaka kujua kama maji ni mazuri, usimuulize aliyeyanywa. Huyo unamjua, atakuambia nini? Mtafute asiyeonekana.