Mguu wa Mti Usioandikwa Jina

Wamesimulia wenye kuhifadhi habari za waja wema kwamba katika nchi ya Galia, zama za utawala wa Warumi, palikuwa na chemchemi ya maji moto. Wenyeji waliinasibisha na Grano, mungu wao wa uponyaji. Warumi walipoingia walidai huyo ndiye Apolo wao, wakaongeza jina hilo juu ya mlango wa hekalu lililojengwa hapo, na watu wakazoea kusema Apolo Grano.

Jirani na hapo aliishi Litugena, mwanamke mchonga miti, aliyekwisha kumwamini Mola Mmoja. Mumewe, Drauso, alivimba miguu hata asiweze kusimama. Siku tatu za kuogeshwa katika maji yale zilimpa nafuu, zikabaki nne. Lakini desturi ilitaka siku ya nne mgonjwa alete sadaka ya mguu wa mti, ulioandikwa jina la Apolo Grano. Asiyeleta haingii tena majini.

Siku ya tatu Litugena hakukaa akatulia. Aliuchonga mguu ukatimia vidole vyote vitano, kisha, ilipofika zamu ya jina, patasi ikamgomea. Akainuka, akaketi, akainuka tena. Nafsi ikamshawishi: ni herufi chache tu, Mola anajua kilichomo moyoni. Akamtazama mumewe akijaribu kukanyaga chini, machozi yakamlengalenga. Aliogopa, tena sana.

Asubuhi akaupeleka mguu vilevile. Mzee Katuno, mlinzi wa chemchemi, akaugeuza huku na huku.

"Binti yangu, jina umelisahau?"

Kuitikia tu kungemtosha.

"Sikulisahau, mzee wangu. Namshukuru aliyeyaumba maji haya, naye hana mshirika. Ukitufukuza, tutaondoka."

Katuno akauangalia mlango wa hekalu.

"Nilikuwepo walipoliongeza jina lile," akasema. "Nikateremka kuyagusa maji, nione kama yamebadilika."

"Yalibadilika?"

"Hata kidogo."

Akauchukua mguu ule, asiuingize hekaluni, akautundika kwenye kigingi kando ya maji. "Kamlete mumeo."

Drauso alizimaliza siku zake saba, akarudi nyumbani kwa mkongojo, akitembea.

Nasi, ndugu zangu katika imani, huulizwa maswali mepesi namna ile kila siku: umesahau? Tumeitikia ndiyo mara ngapi, na hatukuwa tumesahau? Mola atusamehe.