Mgongo wa Wembe

Jambo la kwanza aliloliona Hind lilikuwa dogo sana. Baba yake aliuinua wembe juani, akaugeuzageuza mpaka ukametameta, kisha akatabasamu. Hakuupapasa mgongo.

Hind alikuwa nyuma ya mlango uliorudishwa, mahali pake pa siku zote wageni walipokuja barazani. Baba yake, Mzee Abdulhalim, kinyozi wa mtaa wa Kibokoni, alimfundisha tangu utotoni, walipokuwa wakinoa pamoja uani, kwamba wembe mkuukuu haununuliwi kwa makali yake. Makali hutengenezwa kwa jiwe. Kinachoangaliwa ni mgongo, maana mgongo ndio unaolala juu ya jiwe na kuyaongoza makali. Ukishaliwa upande mmoja, hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Wembe wa mzee wa miaka mingi ulikuwa umemponyoka ukavunjika sakafuni. Alisema mkono ulikuwa na jasho. Na sasa mjukuu wake, mwana wa Mwanatumu dadake Hind, alikaribia siku ya saba, siku ya kunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Mwanatumu alikuwa amezika wawili kabla ya huyu. Alimfunika mtoto kwa kanga kama mtu akingaye taa upeponi, na mkono mmoja tu ndio aliouridhia uguse utosi wake kwa chuma: mkono wa baba yake.

Akil, muuza vyuma vikuukuu, alileta nyembe mbili za Ulaya zilizotoka melini. Mmoja ulikuwa na mpini wa pembe ya ndovu na chuma king'aacho kama maji ndani ya birika la fedha. Wa pili ulikuwa mweusi kwa kutu, mpini wake umepasuka.

"Na huo, umeuchimba kaburini?" mzee aliuliza.

"Mzee wangu, huo nimeuleta ili mwenzake azidi kupendeza," Akil alijibu, wakacheka. Akaziacha zote mbili, akaahidi kupita baada ya shughuli kuuchukua utakaokataliwa.

Alasiri ile nyumba ilizama katika joto. Mwanga uliingia kwa vitundu vya dirisha ukalala sakafuni kama ushanga uliomwagika. Toroli ya kusukumwa ilipita mbali, kwenye barabara ya Ndia Kuu, magurudumu yakilia juu ya reli, kisha kukawa kimya, na mzee akapitiwa na usingizi. Hind aliuchukua wembe mweupe, ule wa pembe, akapitisha kidole gumba mgongoni. Upande mmoja ulikuwa bapa, umeliwa kama kizingiti cha msikiti kilichokanyagwa na vizazi. Mng'aro wote ule ulikuwa wa msasa tu.

Akauchukua ule mweusi. Chini ya kutu mgongo ulikuwa mnene, sawasawa pande zote. Aliupiga kwa ukucha, ukalia sauti nyembamba iliyokawia kuisha, kama kengele iliyo chini ya maji. Haukuwa na ufa. Basi akakaa uani na majivu, ndimu na kumbi la nazi, akausugua polepole kama mtu aliye ndotoni, mpaka chuma kikatokea, cha kijivu. Kutu ilikuwa imeacha vidoa, lakini vyote mbali na makali. Kisha akaunoa, na sauti ya jiwe ikawa kama pumzi ya mtu alalaye.

Kusema ndiko kulikomshinda. Jioni alimwuliza baba yake tu kama wembe ule mweupe haukuwa mwembamba mno. Mzee akamjibu kwamba yeye alianza kununua nyembe kabla mamake Hind hajaposwa.

Hind akarudi jikoni. Alikuwa akijua, tena kwa muda mrefu, kwa kuwa ndiye aliyeviondoa vigoda njiani mwa baba yake, na ndiye aliyekisogeza kikombe cha kahawa hadi kikaugusa mkono wake. Zamani mzee alipapasa wembe bila haya. Sasa hakupapasa tena, maana kupapasa ni kwa asiyeona. Kila kitu alikiinua juani kama wenye macho wafanyavyo, akachagua king'aacho, kwani mng'aro ndio pekee uliobaki wa kumfikia.

Siku ya saba nyumba ilinukia udi. Mzee aliketi wima katika kanzu yake nyeupe, mbele yake sinia lenye bakuli la maji na mkakasi, kikasha cha mti cha kuwekea nywele, umenakshiwa kwa rangi nyekundu na nyeusi. Mwanatumu alimpakata mtoto, kanga ameifumbata kifuani. Kichwa kililowa. Utosi ulipwita, laini kama ngozi ya yai bichi. Mzee akauinua wembe mweupe.

Hind alivuka chumba mbele ya watu wote, akaushika mkono wa baba yake.

"Papasa mgongo, baba," alisema, akamtia ule wa kijivu katika kiganja cha pili. "Huo, kisha huu."

"Nimeshautazama, mwanangu."

Akapiga magoti, midomo karibu na sikio lake. Hata hivyo chumba kilikuwa kimya, na kila mtu alisikia.

"Baba, huoni. Najua tangu masika. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani nisipolitamka, halitakuwa kweli."

Kidole gumba cha mzee kilipita mgongo wa kwanza, kikasita pale palipoliwa. Kikapita wa pili, kikafika mwisho bila kusita. Aliulaza wembe mweupe siniani, akamrudishia Hind ule wa kijivu, na yeye akakishika kichwa cha mjukuu kwa viganja viwili, imara kama siku zote. Hind akanyoa, nywele zikaanguka kidogo kidogo. Mtoto hakuamka. Mwanatumu akaiachia kanga.

"Wembe umepigwa msasa, nami nikapiga kanzu yangu pasi," mzee alisema taratibu, akiupapasa mkakasi mpaka kifuniko chake. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."