Kilemba cha Gunia la Viazi

Hapo zamani za kale, zamani zile viazi vilipokuwa vikivaa vilemba, Pimbi aliishi na mkewe juu ya mlima wa mawe. Sogeeni basi, na anayetafuna ameze kwanza.

Pimbi alilima viazi. Mnunuzi wa viazi nchi nzima alikuwa mmoja tu, Kiboko, mwenye duka kubwa kando ya mto. Duka lile lilikuwa na milango miwili. Wa mbele waliingilia wateja. Wa nyuma waliingilia wakulima, tena kwa kuinama.

Kiboko alikuwa na desturi yake. Ukimletea gunia lililojaa mpaka mdomoni, analitazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. "Halina kilemba," anasema. Kilemba ni lile rundo la viazi linalopandishwa juu ya mdomo wa gunia na kuzungushiwa kamba, mpaka gunia linakuwa kama bwana harusi. Gunia na kilemba chake, kwa Kiboko, ni gunia moja, na malipo yake donge moja la chumvi. Mkulima akishaondoka, Kiboko anakata kamba, kwacha! Vilemba vitatu vikikutana, tayari ni gunia jingine, la bure.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Pimbi alivuna gunia moja, na tenga moja la viazi vidogo.

"Baba Chepeo," mkewe alimwambia, "hilo tenga ndiyo mbegu. Likipanda juu ya gunia, msimu ujao tutapanda kokoto."

"Haliendi."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

Kweli alisema, na alirudi bila tenga. Alikaa juu ya jiwe lake refu akitazama bondeni, na huko mbali akaona vumbi linakuja. Pimbi ana macho bwana! Alijua vumbi la miguu ya nani lile. Akashuka mbio, akalisukuma gunia kuteremka mlima, bingiri bingiri, mpaka mlango wa nyuma wa duka.

Alimkuta Bi Nungunungu amelishikilia gunia lake lisianguke, maana kilemba kilikuwa kirefu kuliko mwenyewe.

"Wewe lako mbona kichwa wazi?" Bi Nungunungu alinong'ona. "Unataka tufukuzwe wote?"

Kiboko akatokea, tumbo likitangulia.

"Pimbi. Kilemba kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, mjomba."

"Gunia lisilo na kilemba si gunia. Kakilete, wewe usiye na mkia."

Pimbi akapiga magoti. "Mjomba, hayo maneno ni mazito. Mkia sina, lakini makaa ya kuandikia ninayo. Niyaandike kwenye kibao, kila mtu ayajue."

Kiboko akavimba kwa raha. "Andika. Kitundike hapa."

"Hapa nyuma? Hapa tunapita sisi akina nungunungu na pimbi. Wakubwa wanapita mbele, mjomba. Nao wasijue nani anayetunga sheria hapa mtoni?"

Kiboko alifikiri kidogo. Kufikiri hakukuwa kazi yake ya kila siku.

"Kitundike mbele," akasema. "Na uandike makubwa."

Pimbi akaandika makubwa: GUNIA LISILO NA KILEMBA SI GUNIA. Ko, ko, ko, akakigongelea kwenye mlango wa mbele. Halafu akakaa chini yake, moyo ukimdunda, maana vumbi lilikuwa bado halijafika.

Likafika. Ndi, ndi, ndi. Alikuwa Mzee Tembo, anamwoza mjukuu wake, amebeba madonge kumi ya chumvi kutoka bonde la chumvi.

"Kiboko, nipe magunia kumi ya viazi."

"Kumi ndiyo niliyo nayo, mzee wangu. Haya hapa, yameshonwa vizuri."

Tembo akayatazama. Akakitazama kibao, akakisoma polepole, mkonga ukifuata herufi.

"Vilemba vyake?"

Kiboko akacheka, he he. Tembo hakucheka.

"Mzee, nikifungua mengine niyavishe haya, hayatafika kumi."

"Basi chumvi yangu inarudi nyumbani. Nimekuja kununua magunia, na mlango wako unasema haya si magunia."

Jasho likamtoka Kiboko, naye ni mtu wa majini, jasho halijui. Bila chumvi ile duka lingefungwa.

"Mzee, gunia ni gunia!" akabweka. "Likijaa mdomoni limejaa. Cha juu ni dhuluma tu."

"Nani kasema?"

"Mimi, mwenye duka."

"Futa, andika hilo."

Makaa yalikuwa tayari, na mwandishi alikuwa pale pale. GUNIA LIKIJAA MDOMONI LIMEJAA. Tembo akasoma, akaridhika, akaanza kupakia. Pimbi naye akalisukuma gunia lake kuzunguka duka, safari hii kwa mlango wa mbele.

"Na langu limejaa mdomoni, mjomba."

Kiboko akalitazama gunia. Akamtazama Tembo. Akakitazama kibao. Akatoa donge la chumvi. Nyuma ya Pimbi, Bi Nungunungu, aliyemfuata mpaka mbele, alishaanza kufungua kamba, na viazi vya kilemba vikamwagika kapuni kwake, pukutu pukutu, huku yeye akicheka na kufuta machozi kwa pamoja.

Pimbi alipopanda mlima, mkewe alikuwa amesimama mbele ya tenga, mikono ameipanua kama anayezuia mwizi.

"Umekuja kulichukua?"

"Nimekuja tulipande."

Mke akaketi juu ya jiwe, akashusha pumzi ya msimu mzima. Tone la kwanza la mvua likamwangukia Pimbi puani, to. Wakachukua majembe.

Ndio maana, wanangu, kipimo unachomshonea mwenzako kishone ukijua na wewe kitakukaa kichwani. Hadithi yangu imejaa mdomoni, kilemba msinidai.