Wiki ya Marehemu Kikoti

Hapo zamani, na si ile ya sungura na fisi, ni hii zamani ya juzijuzi ambayo watu wake bado wanadaiana, palikuwa na mwanamke wa Kihehe aitwaye Skolastika. Kaeni vizuri. Hadithi hii imenichosha. Nimeisimulia misibani, nimeisimulia kwenye vilabu vya ulanzi, na kila mahali naondoka bila jibu.

Mume wake, Kikoti, alikuwa mtu mwema lakini mwepesi wa kuitika. Siku moja mdogo wake, Bonifasi, alimpeleka mjini kwenye mkutano wa kampuni yenye nyumba za mapumziko kando ya ziwa. Wakalishwa pilau, wakaoneshwa picha za vitanda, na kabla soda haijaisha Kikoti alikuwa ameshanunua wiki. Ndiyo, wiki. Si nyumba, jamani. Ni haki ya kulala kwenye nyumba ile wiki moja kila mwaka, yeye na watakaomrithi. Na kila mwaka kuna ada ya matunzo, ulale usilale. Bonifasi alikula pilau, akasaini kama shahidi, na hakununua kitu.

Walikwenda mara moja, mvua ikanyesha tangu walipofika mpaka walipoondoka. Mwaka uliofuata mahindi yalitaka palizi. Baadaye Kikoti akaanza kuugua, na ada ikawa inapanda juu ya ada.

Skolastika akaamua kuiuza. Akamwendea mwalimu mkuu. Mwalimu akasema wiki ni nzuri, je, ada imelipwa? Akajibu haijalipwa. Mwalimu akampa chai. Akamwendea mwenye duka la mbolea. Naye akasema wiki ni nzuri, je, ada imelipwa? Akajibu haijalipwa. Akapewa pole. Akaenda kwa paroko, akamwambia, Baba, sitaki hata senti, ichukue bure iwe ya parokia. Paroko naye akauliza habari za ada, kisha akampa baraka. Chai, pole, baraka, na wiki akarudi nayo nyumbani. Angekuwa mwongo angeiuza siku ya kwanza, kama watu wanavyouza mbuzi kwenye gunia. Hakuwa mwongo. Na kampuni ilishamwambia wazi kwamba wasipolipa itachukua kinyungu chake, lile shamba la bondeni analolima kiangazi, na ndilo lililokuwa linawalisha watoto.

Kikoti akafa.

Sasa, mnaujua msiba wa Mhehe. Mngoni ni mtani wake. Babu zao walipigana, wajukuu wanatukanana na kuzikana. Mtani anachimba kaburi, na mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha marehemu, kofia au koti au hata kiti, ili watu wacheke kidogo. Wenye msiba wanakikomboa kwa kuku, kitu kinarudi. Wasipokikomboa ni chake moja kwa moja.

Mtani wa nyumba ile alikuwa Kastori Ngonyani, mwenye maksai wawili anaowalimia watu kwa malipo. Akatoka kaburini na udongo miguuni, akasimama mbele ya jeneza.

"Wahehe, hilo koti lenu la viraka silitaki," akasema. "Nachukua wiki ya ziwani. Nikajinyooshe kitandani, nyie mbaki na baridi yenu."

Watu wakacheka mpaka wakasahau kulia. Wakamgeukia Skolastika atoe kuku. Kuku walikuwepo, nawaambia, walikuwa wanapita katikati ya miguu ya waombolezaji. Skolastika akawatazama, akamtazama Kastori.

"Ichukue, mtani," akasema.

Mtu wa kampuni naye alikuwepo. Alikuja na rambirambi mfuko mmoja, makaratasi mfuko wa pili. Akamuuliza Kastori kama ameichukua kweli. Mtani gani msibani atajibu kwamba anatania? Kastori akasema kweli tupu. Bonifasi akampa kalamu, Kastori akasaini, watu wanashika mbavu.

Msimu wa kulima ulipokaribia, kampuni ikaenda kwa Kastori. Wakamsomea deni, la zamani na jipya, wakasema asipolipa wanachukua maksai. Kastori akaja kwa Skolastika ameshika kuku. Masikini, ameleta kuku wake mwenyewe, anamwomba ampokee halafu amrudishie, waseme wiki imekombolewa. Skolastika hakumpokea yule kuku. Angempokea, kinyungu kingeondoka.

Wazee wa Kihehe na wa Kingoni wakakaa baraza. Mzee mmoja akasema mtani hadaiwi kwa utani. Mwingine akasema kisichokombolewa ni cha mtani. Yote mawili ni sheria yetu, na wote wawili walisema kweli.

Bonifasi akajitetea kwamba hakununua, hakurithi, wala hakuchukua. Wakamuuliza kama alijua ukubwa wa deni. Akakiri alijua, maana simu za kampuni alizipokea yeye. Mbona hakusema? Akajibu kuwa msibani mtu hatoi habari za madeni, na kwamba pikipiki anayobebea abiria, ile iliyoegeshwa pale nje, ndiyo kazi yake, wasiitazame hivyo.

Skolastika akasema, "Nilijua anatania. Miaka yote nilisema ukweli, na ukweli ukanirudisha nyumbani na mzigo wangu. Siku ile nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka, wazee wangu."

Kastori akasema, "Nilimwona akiizungusha nyumba hadi nyumba. Nikaona nikiitaja mbele ya watu watacheka, na yeye atapumua kidogo. Sikujua kama itanifuata."

Hapo Skolastika akalia. Akamgeukia.

"Mtani, dai kinyungu changu, nitakupa. Lakini udai wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Kastori akafungua mdomo. Akawaona watoto wa marehemu wamekaa nyuma ya mama yao. Akaufunga. Maksai wake walikuwa wamefungwa pale nje, wanacheua, na lori la kampuni lilikuwa limeshasimama karibu yao. Mtu wa kampuni akaingia na kamba begani, akaomba radhi kwa usumbufu, akauliza tu aondoke na nini.

Nami nawaachia ninyi, maana nimechoka kuibeba peke yangu. Mmoja alijua akanyamaza, mmoja alichoka akanyamaza, mmoja alihurumia akatania. Je, nani alistahili kulipa?