Jiwe la Kusagia la Bi Rayhana

Inasimuliwa kwamba katika nchi moja ya milima ya mawe laini, waja wa Mwenyezi Mungu walikuwa wakichonga nyumba zao ndani ya mlima, jirani juu ya jirani. Walikuwa na ada yao: mwenye kuchonga dari akisikia jirani wa juu anasaga nafaka, huweka tindo chini, maana sauti hiyo ni dalili kwamba mwamba uliobaki kati yao ni mwembamba. Jiwe likishatoka halirudi.

Mtu mmoja akiitwa Mundhir, Mungu amrehemu, alikuwa akimchongea binti yake Lubaba chumba cha arusi. Mchumba alikwisha sema wazi kwamba bila chumba hakuna ndoa. Mundhir akachonga Ramadhani nzima, mchana kutwa na saumu yake, wala hakusikia kitu. Masikini, alisahau kwamba Bi Rayhana, ajuza aliyekaa peke yake juu yake, mwezi ule alikuwa akisaga baada ya kufuturu tu.

Siku ya pili ya Idi akaingia kufagia vumbi. Mara jiwe la kusagia likanguruma juu ya kichwa chake kana kwamba limo chumbani humo. Akagonga dari kwa kidole, akaijua kuwa nyembamba kama mkate. Akaketi juu ya vumbi lake.

Hakuna aliyejua ila yeye na Mola wake. Nami simlaumu kwamba alikaa pale mpaka adhuhuri, maana mwana ni mwana. Alipokwisha kuswali akapanda kwa Bi Rayhana.

"Bibi, nimeila sakafu yako kwa tindo. Nakuomba usisage tena hapa, na unipe ruhusa nikijaze mawe chumba changu."

"Na arusi ya Lubaba?"

"Chumba kitapatikana, bibi. Roho haina badala."

Ajuza akampa ruhusa. Mundhir akabeba mawe siku arubaini mpaka chumba kikajaa, na Lubaba akimsaidia huku machozi yakimtoka. Jiwe la mwisho lilipokaa, Bi Rayhana akashuka polepole na mkongojo wake.

"Mwanangu, mimi nina vyumba viwili na mwili mmoja. Mwambie huyo bwana arusi chumba kipo. Na sakafu yake ni imara, aliyeitengeneza namjua."

Lubaba akaolewa, akahamia juu, na tangu hapo yeye ndiye aliyesaga. Mundhir huko chini hakuisikia tena sauti ya lile jiwe, akamshukuru Mungu kwa kutoisikia.

Ndugu zangu, haki ya jirani haingoji jirani aijue. Tunapochonga riziki zetu tukaona kimya, tusifurahi upesi. Huenda aliye juu yetu kanyamaza kwa sababu amefunga.