Pimbi na Jina la Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wasomi na binadamu bado akihesabu kwa vidole, palikuwa na chuo kikuu huko milimani kwenye majabali. Chuoni hapo palikuwa na kompyuta. Eh, nani huyo anayecheka? Mnakubali kwamba nyati anaongea, kompyuta ndiyo mnaikataa? Tulieni basi.

Kompyuta hazikuwatosha wote. Kwa hiyo kila chumba cha bweni kilipewa akaunti moja na neno la siri moja. Chumba kimoja walikaa Tembo, Nyati na Pimbi. Pimbi ni yule kijinyama wa mawe, hana mkia, mwepesi kama ulimi wa mmbea. Siku ya kwanza Profesa Kifaru, mkuu wa chuo, aliwasomea masharti kwa sauti ya radi.

"Akaunti ni ya masomo! Usiguse kazi ya mwenzio! Usifanye upuuzi humo! Akikosea mmoja, naifunga kwa wote. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Profesa!"

Sasa, Nyati alikuwa na jambo lililomtia haya. Kwato zake zilikuwa kubwa mno. Akibonyeza herufi moja, zinaitika saba. Krrap! Dume zima, na pembe zile, halijui kuandika jina lake! Aliyejua ni Pimbi peke yake. Wenzao wakienda kula, Nyati alikuwa akisema maneno kwa kunong'ona, na Pimbi akimwandikia, tiki-tiki-tiki.

"Usimwambie mtu, mtani wangu."

"Mimi? Mimi kaburi, bwana!"

Ukoo wa pimbi na ukoo wa nyati walikuwa watani tangu enzi za mababu. Pimbi aliweza kumwita Nyati "wewe pua mbichi, mla majani ya msibani," na Nyati akacheka tu, maana mtani hanuniwi.

Ikafika wiki ya kukabidhi kazi za mwisho. Ya Nyati ilikuwa tayari ndani ya akaunti, jasho la miaka yote ya chuo. Ya Tembo pia. Ya Pimbi je? Mh! Pimbi alikuwa juu ya jabali akiota jua.

"Ningepata siku moja tu ya ziada," akajisemea.

Akaingia chumba cha kompyuta, akafungua akaunti yao wote watatu. Tiki-tiki-tiki! Tangazo likaenda chuo kizima: "Kesho hakuna kukabidhi kazi. Profesa Kifaru anaharisha. Ni mimi, Nyati."

Kwa nini Nyati? "Nani atathubutu kumhoji mwenye pembe zile?" Pimbi alijiambia huku akicheka. "Na mwenyewe ni mtani wangu. Atacheka."

Lo! Kesho yake ukumbi ulikuwa mtupu. Profesa Kifaru, mzima wa afya, tumbo shwari kabisa, akasimama peke yake akingoja kazi. Alipoambiwa habari ya tangazo, aliipiga kengele mpaka ikapasuka. Ngaa! Ngaa! Wanafunzi wakaja mbio.

"Nyati, simama! Mimi naharisha?"

"Si mimi, Profesa. Wallahi si mimi."

"Akaunti ya chumba chenu, jina lako. Nimeifunga! Kazi zilizomo humo sizipokei tena. Na wewe leo hii unafunga virago, urudi kwenu."

Tembo akaangua kilio. "Yangu nayo imo humo humo, Profesa! Mama yangu ameshaalika ukoo mzima kwa mahafali!"

"Masharti mliyasikia. Ambao kazi zao hazimo humo watakabidhi kesho."

Pimbi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hila imefaulu, siku ya ziada ameipata. Akangoja furaha ije, haikuja. Nyati aligeuza kichwa akamtazama. Hakumtaja. Alimtazama tu, akimngoja amalize utani wake. Pimbi akainamisha macho.

"Sema," moyo ukamwambia.

"Niseme nifukuzwe mimi?" Akaufumba mdomo.

Nyati akashusha pumzi, phuuu. "Profesa, naomba kompyuta iletwe hapa mbele."

Nywele zikamsimama Pimbi. Alijua Nyati anataka kufanya nini, na alijua jambo hilo litamgharimu kiasi gani. Kompyuta ikaletwa. Nyati akainua kwato mbele ya chuo kizima.

"Naandika jina langu."

Krrap! Akajaribu tena. Krrap! Kitufe kimoja kikaruka, kikamgonga Tembo sikioni. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Fisi alicheka mpaka akaanguka chini ya benchi.

"Ndivyo nilivyo," Nyati akasema, machozi yakimlengalenga. "Sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Niliona aibu kusema. Huwa naandikiwa."

Kicheko kikakatika. Profesa Kifaru akauliza taratibu, "Unaandikiwa na nani?"

"Yumo humu, Profesa. Ana mdomo wake."

Pimbi aliona afadhali ardhi ipasuke immeze. Mwenzake amejivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya uongo wake yeye! Akasimama.

"Ni mimi," akasema, sauti nyembamba hata Twiga akalazimika kuinama. "Lakini ulikuwa utani tu! Si sisi watani, Nyati?"

Nyati akamgeukia. "Mtani hunitania usoni, nami nikamjibu. Wewe ulijificha nyuma ya jina langu. Huo si utani, Pimbi."

Pimbi! Tangu wajuane, hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa "mtani wangu." Neno hilo lilimuuma kuliko kofi.

Profesa Kifaru akaifungua akaunti, akazipokea kazi za Nyati na Tembo. Kuhusu Pimbi, alipofungua kinywa kutoa adhabu, kiti kilikuwa kitupu. Aibu ilikuwa imemfukuza kabla ya Profesa. Alitimua mbio, prrr, akajichomeka kwenye ufa wa jabali, na hadi leo akikuona unamtazama anarudi ndani.

Nami ngano yangu naitua hapo, mwenye masikio ajitwike: kilicho cha wote kitumie kwa uaminifu, maana ukiharibu kwa jina la mwenzio, aibu itakuita kwa jina lako.