Bi Mwatumu Aliyelala Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Wewe wa nyuma huko, meza kwanza hicho kiazi. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Pakawa kinu, pakawa mchi, pakawa na bibi mmoja mwenye mdomo mkali kunishinda mimi. Msicheke. Alikuwepo.

Hapo kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Kila nyumba ilikuwa na kinu, lakini wanawake na wasichana walitwanga pamoja, uwanjani, kila asubuhi. Na ilikuwa desturi: mchi wa kwanza ni wa Bi Mwatumu, mkubwa wao. Akipiga, wote wanapiga. Akiuweka chini, wote wanaweka.

Du! Ta! Du! Ta!

Kutwanga bila wimbo ni kazi ya punda, kwa hiyo waliimba. Wimbo ukiwa na mdundo mzuri, uliweza kukaa uwanjani mwezi mzima.

Basi palikuwa na msichana, Mize. Umri wake kama huyu hapa anayenilalia goti. Siku moja wasichana wenzake, kiongozi wao Zaituni, wakamwambia, "Mize, ingia ghalani utuchotee mpunga."

Mize akaingia.

Kwa! Wakafunga mlango. Wakatia komeo. Wakaenda zao mtoni kuoga.

Mize akagonga. Ngo! Ngo! Ngo! Wakubwa wote wako shambani wanafukuza ndege. Jua likapanda. Ngo! Ngo! Jua likashuka. Ngo. Mpaka mikono ikavimba.

Jioni watu wakarudi, wakafungua. Mize akatoka amejikojolea, nguo imemganda miguuni. Watu wakamwona. Na watu, mnawajua, wakacheka.

Kesho yake uwanjani Zaituni akaanzisha wimbo:

*Mize kaloa, kaloa!*
*Mvua ya wapi? Ya wapi!*

Du! Ta! Du! Ta!

Wimbo mtamu, nisiseme uongo. Mdundo wake ulipanda wenyewe kutoka mguuni. Wasichana wakaimba. Mama zao wakaimba. Na Bi Mwatumu, mchi juu, mchi chini, akaimba. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Ndiyo, yeye huyo huyo. Mlidhani nitawaletea malaika?

Siku ya nne mama yake Mize akaja kwa Bi Mwatumu, kitambaa kichwani, kama mtu wa safari.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuaga. Kesho nampeleka Mize kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto. Akae huko huko."

"Kafanya nini?"

"Hali. Hasemi. Kageukia ukuta siku ya nne leo."

"Ana nini?"

Mama yake Mize akamtazama. "Bibi, si mnaimba kila asubuhi?"

Bi Mwatumu akasimama.

"Mlango," akasema. "Ule wa ghala. Nani aliufunga?"

"Sijui, bibi. Wote waliniuliza kaloa vipi. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza mlango."

Bi Mwatumu akachukua kinu chake kidogo kichwani, michi miwili begani, akaenda. Kufika akakuta nyumba imefungwa mchana kweupe.

"Na huu nani kaufunga?"

"Mimi, bibi. Watu wanapita wanachungulia."

"Mtoto katoka kwenye mlango uliofungwa, wewe unamfungia mwingine!"

Akaushika ule mlango kwa mikono yake mikavu. Kakara! Kakara! Akaung'oa. Akaulaza uani, akaanika mpunga juu yake.

"Bibi! Na fisi?"

"Fisi atanikuta mimi. Nipe huyu mtoto mpaka mwezi uandame. Asipoinuka, mpeleke kwa shangazi."

Usiku akatandika mkeka wake pale pale kizingitini, akajilaza. Akasema gizani, bila kugeuka:

"Mize, mlango ni mimi. Ukitaka kutoka, niruke. Ukinikanyaga, nitapiga kelele, lakini wewe toka tu."

Mize akabaki kageukia ukuta. Bi Mwatumu akakoroma.

Asubuhi akaweka kinu uani, mbele ya uwazi ule. Mchi mmoja akauegemeza ukutani. Wa pili akaushika. Akaanza kutwanga peke yake, ila alitwanga kama wanavyotwanga wawili. Anapiga, anangoja. Anapiga, anangoja.

Du! ... Du! ... Du! ...

Kila katikati ameacha nafasi ya mchi wa mwenzake. Mnajua inavyokera hiyo? Kama mtu anayetaka kupiga chafya na haiji.

Majirani hawakukosa. Mmoja akapita na ungo wake. "Bi Mwatumu, mwambie mtoto asahau, yamekwisha."

"Wewe hujasahau kuku wako aliyekufa mwaka juzi. Kamsahau kwanza, kisha uje umfundishe."

Siku zikaenda. Siku ya pili Mize akageuka kutoka ukutani. Siku ya tano akala uji, kidogo, akaweka kijiko chini. Usiku wa sita akamruka bibi, akasimama nje, akaangalia nyota, akarudi. Bi Mwatumu alikuwa macho. Akajifanya anakoroma.

Du! ... Du! ...

Siku ya nane, katikati ya Du na Du, pakasikika:

Ta.

Bi Mwatumu hakuinua kichwa. Du! Ta. Du! Ta. Du! Ka! Michi ikagongana, mpunga ukaruka.

"Haya, umenimwagia chakula cha mchana. Tena."

Du! Ta! Du! Ta!

Wakatwanga hivyo mpaka mwezi ulipobaki kama ukucha. Asubuhi moja Mize akasimamisha mchi wake hewani. Sauti ikatoka imekwaruza:

"Bibi. Na wewe uliimba."

Hapo, wanangu, mtu mwingine angesema mengi. Angesema sikujua, angesema uzee. Bi Mwatumu akaweka mchi chini.

"Niliimba. Siku tatu."

"Kwa nini?"

"Mdundo ulinipendeza, sikutazama una nani ndani. Nilikukosea, mjukuu wangu. Si kosa dogo."

Mize akalia. Hakuwa amelia tangu ghalani. Bi Mwatumu hakumwambia nyamaza. Akakaa chini kwenye pumba, akamvuta, akamwekea kichwa begani, akangoja mpaka kilio kikaisha.

"Sasa wataka nini?" akamuuliza. "Kwenda kwa shangazi yako?"

"Nataka waulizwe mlango."

"Kanawe uso, twende."

Uwanjani michi ilikuwa inapaa. Siku zile zote mama yake Zaituni ndiye aliyeshika mchi wa kwanza, na wimbo ulikuwa ule ule. *Mize kaloa, kaloa!* Bi Mwatumu akaingia katikati, akatia mchi wake kinuni. Hakuuinua.

Mchi mmoja ukanyamaza. Mwingine. Mwingine. Kimya mpaka ukasikia kuku wanavyodonoa.

"Nani alifunga mlango wa ghala?"

Watu wakatazama vinu vyao.

"Nimeuliza."

"Bibi, tulikuwa tunacheza tu," akasema Zaituni.

"Aliyekuwa ndani alicheka?"

Zaituni akaangalia vidole vya miguu. Mama yake akaruka, "Ah, Bi Mwatumu, si watoto tu hao!"

"Nimeuliza mlango, sijauliza umri. Nawe kaa, mwanangu, maana wewe na mimi tuliimba, na sisi ni watoto wa nani?"

Mama mtu akakaa.

"Mimi," akasema Zaituni. Kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyetia komeo."

Papo hapo wanawake wawili wakaanza kunong'ona wimbo mwingine, *Zaituni komeo, komeo.* Bi Mwatumu akainua mchi. "Anayeuanza huo namtwanga yeye!" Wakameza maneno.

Zaituni akaenda ghalani na mama yake, wakang'oa lile komeo kwa mikono yao, likatupwa mtoni. Kisha Zaituni akaja mbele ya Mize, akasema, "Nimekukosea." Akanyoosha mkono.

Mize akautazama ule mkono. Hakuushika.

Wanawake wakaguna. "Mshike mwenzio, Mize!"

"Muacheni," akasema Bi Mwatumu. "Kuomba ni kazi ya Zaituni, naye kaifanya. Mkono wa Mize ni wa Mize."

Na mpunga wa mwaka ule ukaisha, ukaja wa mwaka mwingine, ndipo asubuhi moja Mize akaenda mwenyewe kwenye kinu cha Zaituni akiwa na mchi wake. Hakuna aliyemtuma. Du! Ta!

Kwa shangazi alikwenda pia, kusalimia, akarudi na kuku wawili.

Bi Mwatumu alipokufa, mchi wa kwanza ulikuja kushikwa na Mize. Kila mtu akileta wimbo mpya uwanjani, mkubwa au mdogo, Mize aliuliza kwanza: "Una nani ndani?" Kama yumo mtu anayechekwa, hautwangiwi. Wanauliza hivyo mpaka leo.

Nanyi mnaonisikiliza, mkimwona mwenzenu katoka ameloa, msiulize kaloa vipi. Ulizeni nani alifunga mlango. Kisha kaeni naye, mmwachie nafasi ya mchi wake, hata kama anachelewa kupiga.

Na kama kati yenu kuna aliyefungiwa mahali, na hajamwambia mtu, mimi nalala pale mlangoni. Nakoroma, lakini nasikia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kinu nimekifunika. Nani kaacha maganda ya kiazi kwenye mkeka wangu?